Usiache mbachao: Mambo ya kuzingatia unapohama kutoka miwani hadi lenzi za machoni

KWA watu wengi waliovaa miwani tangu utotoni, asubuhi huanza kwa namna moja: mkono hupapasa kando ya kitanda kuitafuta miwani kabla macho hayajaweza hata kuisoma saa iliyo ukutani.

Miwani hiyo huingia ukungu mwenyewe anapofunua sufuria jikoni. Hulowa mvua, huteleza puani wakati wa kucheza kandanda, na aghalabu huvunjikia katika msukumano wa abiria wanaogombania matatu jioni.

Ndiposa si ajabu kwamba vijana wa vyuo, wanamichezo, wanahabari wa runinga na hata wazee wenye miwani mizito hutamani kuhamia lenzi ndogo zinazovaliwa juu ya jicho lenyewe, ambazo mitaani huitwa kontakti.

Hata hivyo, lenzi hizo si pambo wala si miwani iliyopunguzwa ukubwa. Ni kifaa cha matibabu kinachogusana moja kwa moja na sehemu ya mwili iliyo nyepesi mno kudhurika.

Anayezitumia kwa uangalifu anaweza kuishi nazo kwa miongo kadhaa bila tatizo lolote. Anayezipuuza anaweza kupata kidonda na kupoteza uwezo wa kuona katika muda wa siku chache tu.

Makala haya yanaeleza zilikotoka lenzi hizo, jinsi zinavyofanya kazi, nani anafaa kuzivaa, na kanuni ambazo anayeanza hana budi kuzifuata.

Zilikotoka

Lenzi za kwanza za kuvaliwa machoni zilitengenezwa kwa kioo. Mnamo 1888, daktari Mjerumani Adolf Fick, aliyekuwa akifanya kazi jijini Zurich nchini Uswisi, alichapisha maelezo ya lenzi alizozijaribu kwa sungura, kwake mwenyewe na hatimaye kwa wagonjwa.

Mwaka uliofuata, August Müller, mwanafunzi aliyekuwa na tatizo kubwa la kutoona mbali, aliandika tasnifu yake katika chuo kikuu cha Kiel kuhusu lenzi alizojitengenezea. Vioo hivyo vilikuwa vikubwa, vilifunika hadi sehemu nyeupe ya jicho, na havikuvumilika kwa muda mrefu.

Mnamo 1948, fundi wa miwani wa California, Kevin Tuohy, alibuni lenzi ndogo ya plastiki ngumu iliyofunika konea pekee. Konea ni ule utando angavu ulio mbele ya jicho, mithili ya kioo cha saa.

Mapinduzi makubwa yaliletwa na mwanakemia wa Czechoslovakia, Otto Wichterle. Akishirikiana na Drahoslav Lím, alikuwa amevumbua aina ya plastiki laini inayofyonza maji, lakini ilikuwa vigumu kuifinyanga iwe lenzi isiyojeruhi jicho.

Wakati wa Krismasi ya mwaka wa 1961, Wichterle aliunda mtambo nyumbani kwake kwa vyuma vya kuchezea watoto na dainamo ya baiskeli. Mtambo huo ulizungusha kalibu huku umajimaji wa plastiki ukijitandaza kwa umbo la lenzi. Lenzi laini za leo ni uzao wa jaribio hilo.

Marekani iliidhinisha lenzi laini mwaka wa 1971. Katika miaka ya 1980 zikaja za kutupwa baada ya siku au wiki chache, na mwishoni mwa miaka ya 1990 zikaingia sokoni zile zilizochanganywa na silikoni, ambazo hupitisha hewa nyingi zaidi.

Jicho linavyopumua

Ili kuelewa sababu ya masharti mengi yanayoandamana na lenzi, sharti kwanza kuielewa konea.

Konea haina mishipa ya damu. Laiti ingekuwa nayo, mtu asingeona vyema kwa kuwa mwanga ungezuiwa. Kwa sababu hiyo, hupata sehemu kubwa ya oksijeni moja kwa moja kutoka hewani kupitia machozi. Unene wake katikati ni takriban nusu milimita tu.

Lenzi inapowekwa juu yake, hukaa kati ya konea na hewa. Lenzi nzuri huruhusu oksijeni kupita na husogea kidogo kila mtu anapopepesa, hivyo machozi mapya huingia chini yake na uchafu huondolewa.

Lenzi iliyobana kupita kiasi, iliyochakaa au iliyovaliwa saa nyingi mno huinyima konea hewa. Utando wa juu hudhoofika na kupata mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho. Hapo ndipo vijidudu hupata mwanya.

Aina za lenzi

Lenzi hugawika katika makundi mawili makuu: laini na ngumu.

Lenzi laini ndizo zinazovaliwa na watu wengi. Jicho huzizoea haraka, hazidondoki kwa urahisi wakati wa michezo, na hupatikana kwa matumizi ya siku moja, wiki mbili au mwezi mmoja.

Za siku moja huvaliwa asubuhi na kutupwa jioni. Hazihitaji kikasha wala dawa ya kusafishia, na ndizo zinazomfaa zaidi anayeanza au anayevaa lenzi kwa nadra, mathalani siku za harusi na michezo pekee.

Za wiki mbili au mwezi mmoja husafishwa kila usiku. Ifahamike kwamba muda huo huhesabiwa tangu siku pakiti ilipofunguliwa, si kwa idadi ya siku zilizovaliwa. Lenzi ya mwezi mmoja iliyovaliwa mara sita tu bado hutupwa mwezi unapoisha.

Lenzi ngumu zinazopitisha hewa huwa ndogo na hudumu muda mrefu zaidi. Huchukua majuma kadhaa kuzizoea, lakini huwafaa mno watu ambao konea zao zimepinda isivyo kawaida.

Miongoni mwao ni wenye maradhi ya keratokonasi, ambapo konea hukonda na kuchongoka mbele mfano wa pia. Maradhi hayo huanza aghalabu katika ujana, na huhusishwa na mazoea ya kufikicha macho yanayowasha kwa mzio. Kwa wagonjwa hao, miwani hufika mahali ikashindwa kabisa kuwasaidia, na lenzi ngumu huwa ndiyo inayowarudisha darasani au kazini.

Aidha, kuna lenzi za kurekebisha astigmatizimu, yaani hali ya jicho kuwa na mpindo usio sawa pande zote, na zenye nguvu kadhaa kwa pamoja kwa waliopita umri wa miaka 40.

Nani anafaa, nani asubiri

Watu wengi wanaotumia miwani wanaweza kuvaa lenzi. Manufaa huwa makubwa zaidi kwa wenye tatizo kubwa la kutoona mbali, kwa kuwa miwani yao mizito hupunguza ukubwa wa vitu na kupotosha umbo lake pembeni.

Vivyo hivyo, mtu ambaye jicho moja lina nguvu tofauti sana na jingine hupata nafuu. Akivaa miwani, kila jicho humletea picha ya ukubwa wake. Akivaa lenzi, tofauti hiyo hupungua.

Hata hivyo, baadhi ya watu hushauriwa kusubiri au kuachana kabisa na wazo hilo. Hao ni pamoja na wenye macho makavu, wenye mzio mkali unaowafanya wafikiche macho kila mara, na wenye uvimbe wa mara kwa mara kwenye kope.

Wagonjwa wa kisukari huhitaji uangalizi wa karibu kwa sababu konea zao zinaweza kupoteza hisia na vidonda vyao huchelewa kupona. Wajawazito nao hushauriwa wasianze wakati huo, maadamu umbo la jicho na kiasi cha machozi vinaweza kubadilika kwa muda.

Mtu anayeona kwa jicho moja pekee ni bora abaki na miwani yenye vioo visivyovunjika. Hilo jicho lililosalia ndilo akiba yake yote, na halifai kuhatarishwa.

Mazingira ya kazi nayo yana uzito. Wanaoshughulika na saruji, vumbi la mbao, dawa za kunyunyizia mimea au kemikali za viwandani wanapaswa kumweleza mtaalamu kabla ya kuamua. Mwendeshaji wa bodaboda aliyevaa lenzi anahitaji kioo cha helmeti kilichofungwa ili upepo na vumbi visimwingie.

Kuna uvumi wa miaka mingi miongoni mwa mafundi wa jua kali kwamba mwanga wa kuchomelea vyuma huyeyusha lenzi ikagandamana na jicho. Uvumi huo hauna ukweli. La kweli ni kwamba lenzi haimkingi fundi dhidi ya mwanga huo wala cheche, na ni lazima avae kinga kamili ya uso.

Umri si kikwazo kikuu. Watoto wenye nidhamu ya usafi wanaweza kuvaa lenzi chini ya uangalizi wa wazazi. Kinachopimwa zaidi ni uwezo wa mtu kufuata masharti siku zote, hata anaporejea nyumbani usiku akiwa amechoka hoi.

Hati ya miwani haitoshi

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kuchukua karatasi ya vipimo vya miwani na kuitumia kununulia lenzi.

Miwani hukaa takriban milimita 12 mbele ya jicho, ilhali lenzi hukaa juu ya jicho lenyewe. Umbali huo hubadilisha nguvu inayohitajika, hususan inapozidi dayopta 4. Mtu anayevaa miwani ya -6.00, mathalani, huenda akahitaji lenzi ya -5.50.

Isitoshe, hati ya lenzi huwa na vipimo ambavyo miwani haivihitaji: mpindo wa lenzi, ambao kwa lenzi nyingi laini huwa kati ya milimita 8 na 9, na upana wake, ambao huwa takriban milimita 14. Lenzi isiyolingana na jicho la mwenyewe ama hubana ama huyumbayumba.

Mtaalamu hupima mpindo wa konea, huchunguza kope na machozi kwa darubini maalumu, kisha humvisha mteja lenzi za majaribio. Baada ya dakika kadhaa huangalia jinsi zinavyosogea anapopepesa.

Mteja hapaswi kuondoka kliniki kabla ya kuweza kuzivaa na kuzivua mwenyewe. Kliniki inayomkabidhi mtu pakiti na kumwambia akajaribu nyumbani haijamaliza kazi yake.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi mapema. Mtu wa umri wa miaka 45 asiyeona mbali huwa amezoea kuivua miwani yake ili asome gazeti. Akihamia lenzi hawezi kuzivua kila anapotaka kusoma, hivyo ghafla hugundua kwamba anahitaji miwani ya kusomea.

Wapo wanaodhani macho yao yameharibiwa na lenzi, kumbe ni mabadiliko ya kawaida ya umri yaliyokuwa yamefichika. Suluhisho ni miwani ya kusomea, lenzi zenye nguvu kadhaa, au jicho moja kuwekewa nguvu ya kuona mbali na la pili ya kuona karibu.

Kuvaa na kuvua

Kazi huanza kwenye mikono. Inaoshwa kwa sabuni isiyo na mafuta wala manukato mengi, inasuuzwa vyema na kukaushwa kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Kucha ndefu ni adui wa lenzi na wa jicho pia.

Ziba tundu la sinki au utandike taulo safi mezani, kwani lenzi ikianguka ni vigumu kuipata. Zoea kuanza na jicho lile lile kila siku ili usichanganye ya kulia na ya kushoto.

Weka lenzi kwenye ncha ya kidole cha shahada na uitazame kwa ubavu. Ikiwa na umbo la bakuli, iko sawa. Kingo zikitanuka nje mfano wa sahani, imepinduka na sharti igeuzwe.

Kwa kidole cha kati cha mkono huo huo, vuta kope ya chini. Kwa mkono wa pili, shikilia kope ya juu karibu na mzizi wa nywele zake ili usipepese. Tazama mbele au juu kidogo, iguse lenzi jichoni taratibu, kisha achilia kope na ulifumbe jicho kwa muda mfupi.

Lenzi ikiuma, itoe, uisuuze kwa dawa yake na ujaribu tena. Maumivu si jambo la kuvumiliwa. Aghalabu huwa ni chembe ya vumbi, lenzi iliyopinduka au iliyochanika.

Wakati wa kuvua, osha tena mikono. Tazama juu, iteremshe lenzi kwa kidole hadi kwenye sehemu nyeupe ya jicho, kisha ibane polepole kwa kidole gumba na cha shahada. Kama imekauka na kugandamana na jicho, usiivute kwa nguvu. Tia matone ya kulainisha, subiri dakika chache, upepese mara kadhaa ndipo ujaribu tena.

Wanaoanza huwa na hofu kuwa lenzi inaweza kupotelea nyuma ya jicho. Jambo hilo haliwezekani. Utando unaofunika sehemu nyeupe ya jicho hujikunja na kuungana na sehemu ya ndani ya kope, hivyo hakuna njia ya kupenya. Lenzi inaweza tu kujikunja chini ya kope ya juu, na hutoka kwa matone na subira.

Siku za kwanza

Haraka haraka haina baraka. Kwa kawaida, anayeanza lenzi laini hushauriwa kuzivaa saa nne hivi siku ya kwanza, kisha kuongeza saa moja au mbili kila siku hadi afikie kiwango alichowekewa na mtaalamu. Lenzi ngumu huhitaji mwendo wa polepole zaidi.

Katika juma la kwanza ni kawaida kuhisi kwamba kuna kitu jichoni, machozi kuongezeka kidogo, au kuona kubadilika badilika kila unapopepesa. Hayo hupungua siku zinavyosonga. Wekundu na maumivu yasiyoisha si ya kawaida.

Wanaofanya kazi mbele ya kompyuta hupata ukavu zaidi kwa sababu mtu anapokodolea skrini hupepesa mara chache. Ni vyema kila baada ya dakika 20 kutazama kitu kilicho mbali kwa sekunde 20 na kupepesa kikamilifu. Matone ya kulainisha yawe yale yaliyoandikwa kwamba yanafaa kwa wavaao lenzi.

Kwa wanaojipamba, lenzi huvaliwa kabla ya wanja na maskara, na huvuliwa kabla ya vipodozi kufutwa. Marashi na dawa za nywele zinyunyizwe kabla ya kuzivaa.

Usafi na maji

Lenzi za kutumiwa tena husafishwa kila zinapovuliwa. Huwekwa kiganjani, hutiwa dawa, husuguliwa kwa kidole kwa sekunde kadhaa kila upande, husuuzwa kwa dawa hiyo hiyo na kulazwa ndani ya kikasha chenye dawa mpya. Hata pale chupa inapodai kwamba kusugua si lazima, ni salama zaidi kusugua.

Dawa ya jana humwagwa yote. Kuiongezea kidogo ili isiishe haraka ni kuokoa shilingi chache kwa kuhatarisha jicho. Kikasha husuuzwa kwa dawa, hupanguswa na kuachwa wazi kikiwa kimefudikizwa mpaka kikauke, na hubadilishwa angaa kila baada ya miezi mitatu.

Maji ya chumvi yaliyotengenezewa kusuuzia lenzi hayaui vijidudu, hivyo hayawezi kuchukua nafasi ya dawa. Nayo dawa yenye haidrojeni peroksaidi huua vijidudu vizuri, lakini sharti itumiwe na kikasha chake maalumu kinachoigeuza kuwa salama baada ya saa kadhaa. Ikiingia jichoni kabla ya hapo huunguza.

Kanuni iliyo muhimu kuliko zote ni hii: lenzi na maji havipatani. Maji ya mfereji, ya mtungi, ya kisima, ya chupa na hata yaliyochemshwa hayafai kusuuzia lenzi wala kikasha. Mate ndiyo mabaya zaidi.

Sababu ni kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho kiitwacho akanthamiba, kinachoishi katika maji na udongo kote duniani. Kinapofika kwenye konea kupitia lenzi, huleta kidonda chenye maumivu makali. Kikisumbuliwa hujifungia ndani ya gamba gumu ambalo dawa nyingi hazilipenyi, ndiposa matibabu huweza kuchukua miezi mingi na baadhi ya wagonjwa huishia kupandikizwa konea nyingine.

Kwa hivyo, lenzi huvuliwa kabla ya kuoga, kuogelea baharini au kwenye kidimbwi. Katika mitaa ambayo maji hukatika kwa siku kadhaa na mikono huoshwa kwa maji ya kuchotwa, lenzi za siku moja ni salama zaidi, mradi mikono ikaushwe kabisa kabla ya kuzigusa. Siku ambayo hakuna maji wala sabuni, ivaliwe miwani.

Hata dawa zenyewe zimewahi kuleta madhara. Mwaka wa 2006, maambukizi ya kuvu aina ya Fusarium yaliwapata wavaaji wa lenzi Marekani, Singapore na Hong Kong, na dawa moja iliyohusishwa nayo ikaondolewa katika masoko ya dunia. Mwaka uliofuata, dawa nyingine ilirejeshwa kiwandani kufuatia maambukizi ya akanthamiba nchini Marekani. Tangu hapo, wataalamu wamesisitiza zaidi umuhimu wa kusugua lenzi na kutoongezea dawa iliyokwisha kutumika.

Kulala na lenzi

Mtu anapofumba macho usingizini, oksijeni inayofikia konea hupungua sana. Lenzi ikiwa ndani, hupungua zaidi, machozi hutulia na bakteria huzaana.

Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba miongoni mwa wanaovaa lenzi laini mchana pekee, takriban watu wawili hadi wanne kati ya 10,000 hupata maambukizi ya konea kila mwaka. Miongoni mwa wanaolala nazo, idadi hiyo hupanda hadi karibu 20 kati ya 10,000 au zaidi.

Zipo lenzi zilizoidhinishwa kuvaliwa usiku, lakini hata hizo hazifuti hatari hiyo. Anayeanza asilale na lenzi, hata kwa usingizi mfupi wa safari ya basi la usiku kutoka Nairobi hadi Mombasa. Avae miwani tangu kituoni.

Lenzi za rangi

Kumezuka mtindo wa kuvaa lenzi za kubadilisha rangi ya macho, na nyingi huuzwa katika maduka ya vipodozi, saluni na mitandao ya kijamii bila yeyote kupimwa.

Mnunuzi huamini kwamba kwa kuwa macho yake hayana kasoro, lenzi hizo ni pambo tu mfano wa hereni. Konea yake haijui tofauti hiyo. Lenzi isiyomtosha humkwaruza na kumnyima hewa sawa na nyingine yoyote, na mara nyingi muuzaji hamwelezi lolote kuhusu usafi.

Nchini Marekani, sheria iliyopitishwa mwaka wa 2005 iliziweka lenzi zote, zikiwemo za urembo, katika kundi la vifaa vya matibabu visivyouzwa bila hati ya mtaalamu. Mkenya anayezitaka naye anapaswa kupimwa kwanza, na kamwe asiazimane lenzi na rafiki hata kwa ajili ya kupiga picha moja.

Dalili za hatari

Kila asubuhi na jioni, mvaaji ajiulize maswali matatu mbele ya kioo: Je, macho yangu yanaonekana vyema? Je, nayahisi vyema? Je, naona vyema? Jibu likiwa la kwa moja kati ya hayo, lenzi itoke.

Wekundu, maumivu, kuumizwa na mwanga, ukungu wa kuona, usaha, au doa jeupe kwenye konea ni dalili za dharura. Vua lenzi, usiirudishe, na umwone daktari wa macho siku hiyo hiyo. Beba lenzi na kikasha chake, kwani maabara inaweza kuvitumia kutambua kijidudu kilichosababisha maradhi.

Maumivu yakizidi baada ya lenzi kutolewa, badala ya kupungua, hakuna sababu ya kusubiri hadi kesho. Baadhi ya bakteria, kama vile Pseudomonas, huweza kuiharibu konea kwa siku moja au mbili.

Kosa linalowagharimu wengi ni kupitia kwenye duka la dawa na kununua matone ya kuondoa wekundu. Baadhi ya matone huwa na steroidi, ambayo hutuliza wekundu kwa siku mbili tatu huku ikiuacha ugonjwa wa kuvu au virusi ukienea chini kwa chini. Asali, maziwa ya mama na maji ya majani chai navyo visitiwe jichoni.

Hospitali zenye madaktari wa macho, kama vile Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na ile ya PCEA Kikuyu, hushughulikia visa vya aina hiyo. Walio mbali na miji mikuu waanzie kwa afisa wa kliniki wa macho katika hospitali ya kaunti, wakitaja mapema kwamba wanavaa lenzi.

Gharama isiyoisha

Miwani hununuliwa mara moja na kutumiwa kwa mwaka au zaidi. Lenzi ni kama kodi ya nyumba. Hulipiwa tena na tena.

Kabla ya kuamua, mtu apige hesabu ya mwaka mzima: lenzi zenyewe, chupa za dawa, vikasha, matone ya kulainisha, ziara za kupimwa, na miwani ya akiba. Hesabu hiyo ndiyo ilinganishwe na mfuko, si bei ya pakiti ya kwanza pekee.

Sababu ni kwamba maovu mengi huanza pale fedha zinapopungua. Lenzi ya mwezi mmoja huvaliwa miezi mitatu, dawa huongezewa, na uchunguzi wa kila mwaka huahirishwa. Ambaye bajeti yake haiwezi kuhimili masharti ni afadhali avae lenzi siku chache au aendelee na miwani, na hana sababu ya kuona haya.

Miwani isitupwe

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Anayehamia lenzi hahami moja kwa moja. Huongeza chombo kimoja juu ya kile alichonacho.

Miwani yenye vipimo vya sasa, si ile kuukuu iliyopasuka, ni lazima ibaki karibu. Ndiyo itakayovaliwa jioni macho yakipumzika, siku ya mafua au macho mekundu, siku ambayo dawa imeisha, na wakati wa safari ndefu.

Aliye na lenzi pekee, bila miwani ya akiba, hujikuta akizivaa hata jicho linapomlalamikia kwa sababu asipozivaa hawezi kuiona njia. Hapo ndipo wekundu mdogo ambao ungepona kwa mapumziko ya siku mbili hugeuka kidonda.

Kwa hivyo, kabla ya kununua pakiti ya kwanza ya lenzi, mtu na aikague miwani yake. Ikiwa haimtoshi tena, aanze kwa kuitengeneza hiyo.